Kwa Nini Wanawake wa Kirindo Hutangulia Kusema

Hapo kale, hapa Kirindo, mwanamke hakuingia kikaoni. Hata akiugua, ukoo ndio uliokaa kuamua kama atapelekwa hospitali.

Nakijwa alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu Eliapenda. Alilima tangawizi hadi kule juu penye mteremko mkali. Siku moja akioga aligusa kitu kwenye titi, kigumu, kidogo kama punje ya kunde. Akamwambia mumewe. Mumewe akampelekea habari kaka yetu mkubwa, Elinaja, aliyekuwa mwenyekiti wa ukoo.

Kikao cha kwanza kilijadili mfereji wa maji. Cha pili kilivunjwa na msiba. Katika cha tatu Elinaja alisema kisichouma si ugonjwa, wakacheka, wakanywa dengelua, pombe ya miwa. Miezi minane ikapita hivyo. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Nyonga ilipoanza kumuuma hata asiweze kupanda shambani, nilimpeleka hospitali mwenyewe bila kumwuliza mtu. Daktari, mama wa makamo, alitueleza taratibu. Chembe za mwili hushikana na jirani zake, kila moja mahali pake. Hizi za saratani zilikuwa zimeachiana, zikatoa maji yanayoyeyusha ukuta unaozizuia, zikapenya kwenye mishipa na kusafiri na damu. Nyingi hufa njiani. Zilizopona zilikuwa zimefika kwenye mfupa wa nyonga, zikaanza kujenga mji wao.

Nakijwa aliuliza kama angekuja mapema ingekuwaje. Daktari akainamisha macho. "Ilipokuwa punje, mama, ilikuwa bado nyumbani kwake. Huenda tungeikata ikaisha."

Siku ya kikao Nakijwa aliingia na mkongojo, akasimama katikati ya wanaume.

"Shemeji," alimwambia Elinaja, "mlikuwa mnaningojesha zamu. Ugonjwa wangu haukungoja."

Nakijwa alikufa kabla ya kuvuna tangawizi.

Kikao kilichofuata tuliingia wanawake wote, tukakaa mbele. Elinaja alipotaka kufungua, mama yetu mzazi alimnyooshea mkono anyamaze, akatuuliza mmoja mmoja tuna nini mwilini.

Na tangu siku hiyo, Kirindo hakuna mwanaume anayefungua kinywa kikaoni kabla wanawake hawajaulizwa, na mwenye uvimbe huondoka kwenda hospitali kesho yake. Elinaja alizeeka vizuri, akafa usingizini. Hakuomba radhi. Ni kaka yangu, tumbo moja, na sijamsamehe.