Bibi Harusi Asiye na Jina

Hapo zamani, na mlioko nyuma sogeeni msikie, palikuwa na kijiji cha mlimani ambako surua ilikuwa ikizoa watoto kama mtu anayefagia uwanja. Kwa hiyo mtoto hakupewa jina mpaka augue surua na kupona. Kabla ya hapo aliitwa Mgeni tu, na aliyemuuguza ndiye aliyempa jina.

Akazaliwa Mgeni mmoja, binti ya Zaituni, akachomwa sindano ya surua. Wakangoja augue. Akaota meno, hakuugua. Akaenda shule, hakuugua. Akavunja ungo, hakuugua. Na wenzake baadaye wakachomwa vilevile, hata kijiji kikajaa Wageni wenye ndevu. Wanaozikwa sasa ni wazee, kwa presha na kisukari.

Siku ya ndoa yake shehe akauliza jina la bibi harusi. Kusikia Mgeni, akakataa katakata.

“Nikisema Mgeni, nitakuwa nimeoza nusu ya kijiji.”

 Hina imekolea, bwana harusi yuko mlangoni, na bila jina hakuna ndoa. Lakini nani atampa binti jina, naye hakuuguzwa na mtu?

Wakasimama wanawake watatu.

Zaituni akasema mumewe alimtishia talaka akithubutu kwenda kwenye sindano. “Nilimfunga mgongoni nikaenda. Mwanangu ni Faraja.”

Muuguzi Tabea akasema siku ile gari lilikwama matopeni, akapanda mlima na sanduku la dawa kichwani. “Sindano niliichoma mimi. Aitwe Salama.”

Bibi Mwanahawa, mama yake Zaituni, akainuka na mkongojo wake.

“Mimi nilizika wanne kwa surua, wote hawana majina. Wa mwisho nilishamtunzia jina, Mwanaisha, sikuwahi kumwita. Ndiyo maana nikamwambia Zaituni nenda, ukiachwa rudi kwangu. Huyu ni Mwanaisha. Leo nina presha, nina kisukari, na nimefurahi. Kifo kimejifunza adabu, siku hizi kinaanza na wakubwa.”

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Binti akawabusu mikono wote watatu, maana aliwapenda wote watatu, akashindwa kuchagua.

Pilau limeiva, ngoma zinalia, shehe anangoja. Bibi harusi kafumba macho, yuko tayari kuitika. Je, jamani, kati ya hao, nani alistahili kumwita?