Mbuzi wa Mwanamize na Wazee wa Supu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama mliolala njaa. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji chenye desturi yake. Mwizi akikamatwa hutozwa mbuzi, na mbuzi huliwa na wazee wa baraza. Aliyeibiwa je? Aliyeibiwa huwatwangia viungo, tena kimya.

Basi Mwanamize, mfinyanzi, akaibiwa mbuzi wake wa pekee. Maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyomlea mjukuu wake mchanga, aliyefiwa na mama. Mwizi, Chande, akakamatwa kamba ingali mkononi. Wazee wakamtoza mbuzi mmoja. Chande akawakabidhi yule yule wa wizi.

"Kesi imekwisha," akasema Jumbe, mkuu wa baraza.

"Lakini huyo ni mbuzi wangu," akasema Mwanamize.

"Wewe umeibiwa tu, hapa huna la kusema. Katwange tangawizi."

Akatwanga. Twa, twa, twa. Machozi yanamtoka. Nje kisu kinanolewa, kwaru, kwaru. Mtoto atakunywa nini kesho?

Bi Kirembwe, kikongwe wa kijiji hicho tunayemtaja hadi leo, akachungulia jikoni, akamwona. Akaondoka. Akarudi anaburura beberu wa Jumbe, mee, mee.

"Nimemwiba huyu," akasema. "Nihukumuni."

Wazee wakameza mate. "Faini mbuzi mmoja."

"Huyu hapa."

"Huyo ni wangu!" Jumbe akaruka.

"Mwanangu, wewe umeibiwa tu. Katwange tangawizi."

Jumbe akawageukia wenzake. Wenzake walikwisha kwenda kutafuta chungu cha pili; nyama ni nyama. Akawaita.

"Ngojeni. Mwenye mali asikilizwe kwanza."

"Yupi?" akauliza Bi Kirembwe.

Jumbe akainama. "Aanze Mwanamize."

Mwanamize akatoka jikoni na mchi wake. Hakuna aliyemkatiza, maana mchi wenyewe ulikuwa mkubwa.

"Namtaka mbuzi wangu, mzima. Na Chande amkatie majani kila siku mpaka mtoto aache maziwa."

Ikawa hivyo, na Jumbe naye akarudishiwa beberu wake. Wazee wakala mchicha, wakanuna, wakapungua matumbo. Iliwafaa.

Nanyi mkikaa kuamua kesi, msiinuke kabla hamjamuuliza aliyeumizwa anataka nini.

Hadithi yangu imefika hapo, haiendi tena. Anayetaka supu akachinje mbuzi wake mwenyewe.