Jina la Ukurasa wa Kwanza

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema bali hii ya juzi tu, palikuwa na mwanamke mjini Korogwe aitwaye Sihaba, mhariri wa riwaya. Hakuwa na ofisi wala bosi. Waandishi walimletea miswada nyumbani, yeye akainyoosha, ikawa vitabu. Alikwisha kunyoosha vitabu kumi na kimoja, na jina lake halikuwamo hata katika kimoja.

Kabla ya hapo alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na jina lake lilibandikwa kwenye kuta za mji mzima. Alizikumbuka kuta hizo, na zilimuuma, tusifichane. Ila uigizaji haukumtoka. Hakugusa sentensi ya mtu kabla ya kuiigiza uani kwake. Akiwa bibi harusi alijitanda khanga, akiwa mwizi aliruka ndoo.

Basi siku moja akaja Mzee Mbelwa, bwana mifugo mstaafu, na riwaya ya mke anayefukuzwa na mama mkwe wake. Mchapishaji alikwisha kuikataa mara mbili. Kila aliyeisoma alifika pale mke anapoondoka, akapiga miayo. Mzee akaapa mbele ya mkewe, Bi Hidaya: "Atakayeiponya riwaya hii, ukurasa wa kwanza ni wake. Jina moja, peke yake, ukurasa mzima." Sihaba aliposikia hayo akaupokea mswada kwa mikono miwili.

Akaanza kuigiza. Akawa mama mkwe, akafoka: "Toka kwangu!" Akawa mke, akalia. Akafoka, akalia, akafoka, akalia, hadi jirani yake Bi Mkunde, muuza vitumbua, akaingia mbio na mwiko mkononi kuamua ugomvi. Akamkuta Sihaba peke yake, khanga kichwani, anajifukuza mwenyewe.

Walicheka hadi wakakaa chini. Kisha Bi Mkunde akataka kumjua huyo mke aliyemtoa mbio, Sihaba akamsomea. Bi Mkunde akatikisa kichwa.

"Mzee huyo muongo," akasema. "Mwanamke gani anatoka nyumba ya miaka kumi mikono mitupu?" Akarudi kwenye vitumbua vyake, akakuta vimeungua.

Sihaba akaona ugonjwa ulipo. Palepale akakaa akaandika sura nzima, mke akiondoka na mkeka wake, sura ya kumliza hata huyo mama mkwe. Akaisoma mara mbili, akaipenda, kisha akaichana. Riwaya ilikuwa ya Mzee Mbelwa, si yake. Pembeni mwa ukurasa akaandika swali moja tu: "Ana nini mkononi?"

Mzee alilitazama swali hilo siku tatu asiambulie kitu. Siku ya nne akamsomea mkewe. Bi Hidaya alikuwa akipepeta mchele, wala hakuinua macho. Akasema kwamba yeye, alipofukuzwa kwa mume wake wa kwanza, aling'oa figa moja la jikoni akaondoka nalo kichwani.

"Nilitaka chungu chao kipinduke," akasema.

Miaka thelathini ya ndoa, na mzee hakuwahi kulisikia hilo. Akaandika tangu asubuhi hadi adhuhuri, wali ukapoa. Safari hii mchapishaji aliikubali riwaya, na inasemekana alipofika kwenye figa alitafuta leso. Ukabaki ukurasa wa kwanza, mweupe, unasubiri jina.

Habari za kiapo zikamfikia hata Bi Mkunde, wakakutana wote kwa Mzee Mbelwa.

"Kasoro niliiona mimi," akasema Bi Mkunde. "Bila mwiko wangu mngekuwa mnapiga miayo hadi leo. Na vitumbua vyangu viliungua."

"Kuona ufa si kuuziba," akasema Bi Hidaya. "Figa nililibeba mimi, na shingo iliyouma ni yangu."

"Jirani angesikia nini nisingelia?" akasema Sihaba. "Na mzee angeuliza nini nisingemuuliza mimi? Tena nilikuwa na sura yangu nzuri, nikaichana."

"Hiyo hatukuiona," akasema Bi Mkunde.

Wote wakamgeukia mwenye kiapo. Mzee Mbelwa akakuna kichwa, akasema kwamba yeye anakula kwa huyu na kununua vitumbua kwa yule, wamhurumie. Akamsogezea Sihaba ukurasa na kalamu.

"Mhariri ni wewe, mwanangu. Kila neno la kitabu hiki limepita mikononi mwako. Na hili lipite." Kisha akatoka kwenda kunywa kahawa.

Sihaba akashika kalamu. Kilikuwa kitabu cha kumi na mbili. Kulia kwake Bi Hidaya, kushoto Bi Mkunde, na mtambo unasubiri kuchapa. Aliinama, akaandika jina moja, akaufunika ukurasa kwa kiganja.

Mimi nilikokuwa nimekaa sikuliona. Haya, semeni nyinyi: jina hilo lilistahili kuwa la nani? Na akiwa ameandika lake, nani kati yenu angeshika kifutio?