Mvua ya Jumapili na Korosho za Bosi

Wapendwa, mimi nimetembea. Nimelala kwenye nyumba za wageni ambazo kunguni wake wangetosha kufungua tawi la chama, na miguu yangu imefika mbali kuliko akili yangu. Lakini hili la leo nimelitunga mwenyewe, kwa hiyo msihangaike kutafuta ni bosi wa nani.

Bwana mmoja huko kusini alikuwa na karakana ya kubangua korosho. Kinamama walipasua maganda kwa rungu, punje kwa punje, na walioifanya kazi hiyo wanajua kuwa ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Bwana akaona wanakwenda polepole, akaondoa vigoda. Alisema anayekaa husinzia. Basi wakabangua wamesimama.

Alasiri moja wingu likaja ghafla. Uwanjani zilikuwa zimeanikwa korosho za msimu mzima, na korosho ikilowa huota ukungu, haina tena mnunuzi. Bwana akatoka mbio, akashika turubai, akavuta peke yake. Kinamama wamejipanga chini ya upenu, wanatazama. Akawauliza wanangoja nini.

Mmoja akamjibu kwa adabu zote, "Bosi, sisi ni wabanguaji. Kuanua hukutuambia."

Nusu ya korosho ikaharibika. Bwana akaapa kuwaonyesha uvivu wao. Kesho yake akavua koti, akashika rungu, akasimama katikati yao kubangua. Adhuhuri ilimkuta hawezi kukunja vidole, na mgongo unamsemesha maneno ambayo siwezi kuyarudia madhabahuni. Alikwenda stoo, akavirudisha vigoda kwa kuvibeba kichwani mwake, na penye kila kigoda akaweka kopo la mafuta ya mbarika ya kupaka mikononi. Kisha akajenga kibanda cha kivuli kwa wenye watoto wachanga. Habari za mvua hakuzitaja tena.

Sasa nisikilizeni.

Jumapili moja bwana huyo yuko kanisani, amekaa, amesinzia (mhubiri alikuwa mtu wa aina yangu), mvua ikapiga bati. Akashtuka. Siku ya mapumziko, geti limefungwa, kule hakuna mtu. Akakimbia na viatu vyake vya ibada, moyoni ameshazizika korosho zake.

Alipofika getini akatoa ufunguo. Kufuli lilikuwa palepale. Wale kinamama walikuwa wameruka ukuta, watu wazima na wajukuu wao. Turubai zimetandazwa, nao wamezikalia kingo ili upepo usizibebe, wamelowa chapachapa, wanachekana. Na zile ambazo turubai hazikuzifikia? Zimo ndani ya kibanda cha watoto, kavu, zimefungwa mafungu mafungu kwenye vitenge vipya vya kanisani.

Akafungua, akaingia, akauliza, "Nani amewaita?"

Yule aliyemjibu siku ile alikuwa anakamua kilemba chake. Akasema, "Na wewe bosi, vigoda ulivyoturudishia, nani alikwambia?"

"Hakuna."

"Haya. Shika basi upande huu, mimi mkono umechoka."

Bwana akakaa kwenye tope na suti yake, akashika.

Ndugu zangu, mimi niliyetunga habari hii bado inanisisimua. Ni kitu gani hicho Mungu alichokificha ndani ya mtu, kinachomrusha bibi ukuta kwa ajili ya mali isiyo yake? Unaweza kumwamuru mtu afike kazini. Unaweza kumwamuru asimame. Utamwamuruje akimbie kwenye mvua na kitenge chake kipya?

Nanyi mnaotikisa kichwa mkiwafikiria mabosi wenu, ngojeni kidogo. Ni nani anayewafulia nyumbani, na anakula amekaa wapi? Sisi wazee wa kanisa hulalamika kwamba wanakwaya wakimaliza kuimba hawagusi hata benchi moja. Je, tumewahi kuuliza kama baada ya mazoezi wanapata maji ya kunywa? Tunaomba tupewe watu wa kujitolea, na vigoda vyao tumevifungia stoo.

Twende tukavitoe. Tuvibebe kichwani wenyewe. Na tusiwaambie habari za mvua.