Benchi la Chiku

Hapo zamani, tena si zamani ile ya majini, maana jengo lilikuwa na lifti na lifti yenyewe ilikuwa mbovu, aliishi Tanga mjini, ghorofa ya nne, binti aitwaye Chiku. Mnaotaka kucheka, chekeni sasa. Mbele huko hakuchekeki.

Chiku alikuwa mwalimu wa chekechea, hana mume, na ile ndiyo nyumba yake ya kwanza. Mwenye nyumba hakutaka binti akae peke yake bila mzazi kumdhamini, hivyo mkataba aliutia saini baba yake, Mzee Mbaruku, kwa miezi mitatu tu.

"Unaisha Idi," baba akamwambia. "Siku hiyo nitapanda ngazi zako. Nikikuta nyumba ya mtu anayejiweza, natia saini ya mwaka mzima. Nikikuta mahangaiko, unafungasha, tunashuka wote."

Chiku akaomba angalau kile kiti kikuukuu cha varandani kwao. Baba akakataa. "Si umesema unajiweza? Kalia cha kwako."

Basi Ramadhani nzima Chiku hakuonja raha. Akiwa kazini anawaza ukuta, akirudi anawaza dirisha. Alipaka rangi mwenyewe, akarudia, maana mara ya kwanza ilitoka michirizi. Akasuka kifuniko cha taa kwa ukili, ule wa kushonea mikeka. Akakata mwezi na nyota za kadibodi, akazitundika mlangoni kwa ajili ya Idi. Lakini sebuleni hapakuwa na pa kukaa, na kila akiangalia ile sakafu tupu swali ni lile lile. Baba akae wapi? Juu ya ndoo ya rangi?

Ndipo akaja Kibwana, mtoto wa shangazi yake, fundi seremala. Akaokota mapaleti ya mbao ya kubebea mizigo, yaliyotupwa nyuma ya duka la marumaru, akayabomoa, akapiga randa, akaunda benchi. Benchi hilo, jamani, acheni! Ila siku ya mfungo wa ishirini na tisa, alasiri, mguu wa kushoto ukapasuka. Kibwana akautia gundi, akaukaza kwa kamba.

"Hii inataka siku nzima ya kesho kukauka," akasema. "Wala usihofu. Mwaka huu tunakamilisha thelathini, roho yangu inaniambia."

Chiku alitaka kusema, "Na mwezi ukiandama leo?" Hakusema. Aliogopa Kibwana asije akalibomoa benchi zima aanze upya, na siku zenyewe zimekwisha.

Kibwana akabandika karatasi upande ule wa kushoto, kaandika kwa herufi kubwa: USIKAE HAPA. Akaenda zake kufuturu.

Na mwezi ukaandama! Watu hata tende hawajamaliza, watoto wanapiga kelele ngazini: kesho Idi, kesho Idi! Chiku akaishika ile gundi kwa kidole. Ilikuwa mbichi.

Asubuhi ya Idi akaja shoga yake Zaina, mshonaji, na mito ya kitenge kwapani. Akaiona karatasi.

"Shoga, na hili nalo ni pambo la Idi? Baba yako akilisoma si atageuza hapo hapo?"

"Mguu haujakauka, Zaina."

"Haya, tutamkalisha kulia." Akaibandua karatasi, akafungua na kamba, akauweka mto wa tarizi, mzuri kuliko yote, juu ya upande ule mbovu. "Nani atathubutu kuukalia huu? Atauonea haya."

Chiku alitaka kusema, "Hapana, rudisha karatasi." Hakusema. Benchi lilikuwa limependeza kupita kiasi, na kikohozi cha baba kilishasikika ghorofa ya tatu.

Mzee Mbaruku akaingia anahema, kanzu mpya, nyeupe pe.

"Shikamoo baba. Idi mubaraka."

"Marahaba." Akapapasa ukuta. Akaitazama taa. "Nani kasuka?"

"Mimi, baba."

"Hm."

Hiyo "hm" ilimtoa Chiku jasho. Mzee akakaa. Akakaa kulia! Chiku akashusha pumzi. Akampa bakuli la tambi, na Kibwana naye akaingia kumpa mjomba wake mkono wa Idi. Kibwana akatupa jicho kushoto. Karatasi haipo, kamba haipo. Akadhani wamelijaribu wakaona limeshika, akanyamaza.

Mzee akaonja tambi. Akatabasamu, na ndilo tabasamu lake la kwanza tangu binti ahame. "Upande ule kuna upepo mzuri," akasema, akauinua ule mto, akaanza kusogea kushoto.

"Baba!"

"Nini?"

Chiku alitaka kusema. Lile tabasamu lilikuwa bado usoni mwa baba. "Nikuongezee tambi?"

Puu! Mguu ukaachia. Mzee chali, bakuli kifuani, tambi kanzu nzima. Pale mlangoni mwezi wa kadibodi ukaning'inia kwa uzi mmoja.

Wakamkimbilia. Akakataa kuinuliwa.

"Niacheni hapa hapa. Nimekuja na kalamu mfukoni, na nyumba nimeipenda. Lakini gundi hii mbichi naiona, na humu kuna mtu aliyeniangusha huku anajua. Akiwa ni mwanangu, afungashe. Sitamwacha peke yake mtu anayemficha baba yake hatari. Akiwa ni mwingine, natia saini. Haya, semeni."

Kibwana akasema: "Ni mimi, mjomba. Mimi ndiye fundi. Nilikadiria gundi kwa kukisia mwezi, na nilipoona karatasi haipo sikuuliza. Kosa langu."

Zaina akasema: "Ni mimi, baba. Yeye alikuwekea onyo, mimi nikalibandua. Ufa niliujua, nikaufunika kwa mto ili upendezwe. Kosa langu."

Chiku akalia, kisha akasema: "Wananisitiri tu, baba. Mwezi niliuwaza nikanyamaza. Karatasi niliiona ikibanduliwa nikanyamaza. Wewe unakaa, nakuona, neno liko mdomoni, nikakuuliza habari za tambi. Niliogopa kwamba nikisema, nyumba imekwenda."

Zaina hakustahimili. "Baba, nisamehe, siku ya Idi hii. Kiti cha varandani ulikuwa nacho. Ulimnyima mwenyewe. Na hofu iliyomziba mdomo, nani aliyemtia?"

Mzee Mbaruku akajipapasa kiuno. Akatoa mkataba mfukoni, kona imelowa tambi. Akatoa kalamu.

"Mimi siwezi kuamua," akasema taratibu. "Kiuno kinaniuma, na aibu nayo imenishika. Waulizeni watu."

Basi watu ndio nyinyi. Mzee bado yuko sakafuni, kalamu mkononi, na Chiku amesimama mlangoni, hajui aende kuleta sanduku au aende kuleta kitambaa cha kufutia kanzu. Je, kati ya fundi, mshonaji, binti na baba mwenyewe, nani aliyemwangusha Mzee Mbaruku?