Jina Moja kwenye Kijiko

Nisikilizeni, mlioketi mbele na mliosimama mlangoni, maana mwisho wa hadithi hii nitawaachia ninyi.

Mombasa, katika nyumba moja ya kuonjea chai kabla haijauzwa mnadani, walikuwapo watu watatu. Mwakio Mwandoe alijua kumnoa mtu. Mzee Gershom Odanga alijua kushauri. Bi. Mwanasha Shekue alijua kulea. Na alikuwapo Dorkasi Jebiwott, binti wa Nandi, aliyetaka kuwa mwonjaji.

Ulimi wa Jebiwott ulikuwa mwepesi kuhisi ladha, lakini kwao alifunzwa kunywa chai bila sauti. Mwonjaji hanywi hivyo. Huivuta chai kutoka kijikoni kwa kishindo, ienee kinywani pamoja na hewa, kisha huitema. Jebiwott aliona haya, akawa anagusisha midomo tu, na kila kikombe kikawa na ladha ya maji moto.

"Dada, unakunywa kama bibi harusi mbele ya wakwe," Mwakio alimwambia. "Vuta. Walio barabarani wasikie."

Kila asubuhi alimpangia vikombe, akamfunga macho kwa kitambaa, akamrudisha palepale alipokosea. Hakumuuliza habari za nyumbani wala za kesho. Alichotaka ni ulimi. Jebiwott akavuta mpaka haya ikamtoka, akaanza kuitambua chai ya mlimani na ya bondeni.

Mtihani ulipokaribia akashikwa na mafua, pua ikafa. Aliogopa kusema, kwa sababu mwonjaji asiyenusa hana kazi. Akaenda kwa Mzee Odanga, mwonjaji mstaafu ambaye hakuwahi kuzungumza naye.

"Shikamoo, mzee. Nifanye nini?"

"Marahaba. Mwambie meneja leo, akusogezee mtihani mbele. Ukibahatisha ukagundulika, hutashika kijiko tena mji huu." Kisha akarudi kwenye gazeti lake.

Jebiwott alisema, meneja akakubali, pua ikarudi. Mwanafunzi mwenzake mwenye mafua hayohayo alibahatisha, akafukuzwa.

Na Bi. Mwanasha je? Huyu hakumfundisha kuvuta, wala hakumwambia fanya hivi. Tangu mwanzo alikwenda naye mnadani, akamtaja kwa jina kamili mbele ya wanunuzi waliokuwa wakimpita kama kiti. Hata kabla ya Mwakio na vikombe vyake, siku Jebiwott alipochoka kupitwa hivyo akafunga sanduku arudi Nandi, Bi. Mwanasha alikuja akaketi juu ya sanduku lenyewe.

"Mimi nami nililifunga langu, mwanangu. Wanaume wa meza ya kuonjea waliniita mpika chai. Nikafika hadi kituo cha basi."

"Kisha?"

"Kisha nikajiuliza, huko niendako nitakuwa nani. Wewe utakuwa nani?"

Jebiwott alimwomba ainuke, akalifungua sanduku.

Basi, Jebiwott amefaulu. Na desturi ya nyumba ile ni hii: mwonjaji mpya hupewa kijiko cha fedha, na nyuma ya mpini huchorwa jina la mtu aliyemfikisha hapo. Jina moja tu. Mwenye jina ndiye humkabidhi kijiko, na kikombe cha kwanza huonja pamoja.

Sonara amekwisha kuinamisha patasi yake ndogo. "Nitajie herufi kwa herufi, binti. Likichorwa halifutiki."

Jebiwott anawatazama wote watatu. Mwakio amenoa wengi, na jina lake halijapata kuchorwa popote. Leo amevaa tai mpya. Mzee Odanga amepanda ngazi zote kwa mkongojo. Bi. Mwanasha ameugeuza uso kuelekea dirishani, ili macho yao yasikutane.

Bila Mwakio asingekuwa na ulimi. Bila Mzee Odanga asingeufikia mtihani. Bila Bi. Mwanasha asingekuwa Mombasa. Kinywa kimemkauka, hata angeonjeshwa chai yoyote sasa, asingeitambua.

"Binti," sonara anasema, "jina."

Semeni ninyi, maana yeye hawezi. Mngemtajia sonara jina la nani? Na wale wawili wengine, wakishuka zile ngazi, mngewaambia nini?