Gia ya Mteremko

Gia ya mteremko hutiwa kileleni. Mliyasikia maneno hayo jana kwenye kikao cha ukoo, shangazi yenu alipomjibu yule baba aliyetuomba tumkanye kijana wake, na kijana mwenyewe tayari yuko rumande. Mkacheka, mkidhani ni utani wa madereva. Kisa kilichoyazaa kilitokea hapa hapa Ikombe, na wa kwanza kuyasema alikuwa baba yangu mzazi, Asajile. Alinisimulia mwenyewe, mara moja tu.

Baada ya vita vya Bama, vile Vita Vikuu vya Pili, wakulima wa huku walichanga wakanunua lori kuukuu la jeshi. Dereva wake alikuwa Mzee Ambakisye, aliyejifunza udereva huko huko vitani. Lori lile halikuwa kama magari ya leo, ambayo gia huingia hata dereva akipiga soga. Klachi ilikanyagwa mara mbili. Unakanyaga, unatoa gia, unaachia. Unakanyaga mafuta mpaka mlio wa injini ulingane na mwendo wa magurudumu. Unakanyaga klachi tena, ndipo unatia gia ndogo. Ukikosea mlio, meno ya gia yanasagana na kukataa. Mzee Ambakisye aliujua mlio huo kwa sikio tu. Hata hivyo, kila alipofika kileleni, kabla ya ule mteremko wenye kona saba, alisimamisha lori kabisa, akatia gia ya pili, akashuka nayo polepole hadi bondeni. Abiria walinung'unika.

Macho yake yalipoingia ukungu, alimfundisha baba yangu kazi, akamwachia usukani. Lakini yeye mwenyewe hakuacha safari. Alikaa kabini kando yake, na kila walipofika kileleni alisema, "Simama, mwanangu. Tia ya pili." Alisema hivyo mwaka mzima, mbele za watu, hadi abiria wakaanza kumwita baba mwanafunzi. Mtu wa miaka thelathini, ana mke na mtoto. Jina lile lilimchoma.

Siku ya kisa chenyewe ilikuwa ya mnada, asubuhi yenye mawingu mazito. Nyuma ya lori kulikuwa na magunia ya viazi na watu kumi na mmoja, mama yangu Tusekile akiwamo. Mimi nilibaki kwa bibi, naumwa surua. Walipokaribia kilele, mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwanafunzi, leo pia tunasimama?" Watu wakacheka, na katika kicheko kile baba aliisikia sauti ya mama.

Hakusimama. Alivuka kilele na gia ya tatu, akiwaza kwamba ataibadili hapo mbele, lori likiwa mwendoni, ili waone.

"Umepita," alisema Mzee Ambakisye.

"Naitia sasa hivi, baba. Najua."

Akakanyaga klachi, akaitoa ya tatu, akaachia, akakanyaga mafuta, akakanyaga klachi tena na kusukuma. Gia zikasagana. Akajaribu mara ya pili, zikakataa. Akataka kuirudisha ya tatu, nayo ikakataa, maana kila alipohangaika lori liliongeza mwendo, na sasa halikuwa na gia yoyote ya kulizuia. Breki peke yake ilibeba mzigo wote. Kwenye kona ya tatu ikaanza kunuka moshi. Kwenye kona ya nne mguu wa baba ukazama hadi chini bila kukuta kitu.

Mzee hakuona, lakini alisikia. "Iache gia, Asajile."

"Itaingia, baba. Itaingia."

"Haiingii. Injini haiufikii tena mwendo huu. Mlima uko upande gani?"

"Kushoto. Upande wako."

"Basi huko huko. Liegemeze mlimani kabla ya kona nyingine."

Baba alisita. Mzee akamwambia tena, kwa sauti ile ile ya kufundisha, "Kushoto, mwanangu." Baba akavuta usukani.

Mwamba uliibonyeza kabini upande ule, lori likalala ubavu hatua chache kutoka korongoni. Mzee Ambakisye alifia kwenye kiti chake. Nyuma, magunia yaliwafunika watu, wawili wakafa papo hapo. Mama yangu alifukuliwa akiwa bado anapumua. Baba alipompakata alimwuliza, "Mbona hukusimama?" Kabla baba hajamjibu, mama alikuwa amekwisha kufa.

Siku ya kuanua matanga, wazee walimtaka aeleze. Alisimama, akasema, "Nilidhani nitaitia njiani. Gia ya mteremko hutiwa kileleni." Akaketi. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, wala aliyemshika mkono.

Hakuendesha tena. Ila kila siku ya mnada alipanda kileleni kwa miguu, akasimama kando ya barabara katika baridi na mvua, na kila dereva aliyefika alimwuliza, "Umetia ya pili?" Wengine walimtukana. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Madereva ndio walioyateremsha maneno yake bondeni, na watu ambao hawajawahi kushika usukani wakaanza kuambiana hivyo walipomwona mtu anatafuta dawa ya jambo lililokwisha kushika kasi.

Nami miaka yote hiyo nilikuwa na kinyongo naye. Nilimpikia, nilimfulia, lakini sikukaa naye kuzungumza. Baridi ya kule juu ilipomwingia kifuani akalala kitandani, ndipo aliponiita na kunisimulia haya yote, hata kile kicheko cha mama. Alipomaliza alinitazama, akingoja. Niliona kwamba nimemsamehe, tena zamani, lakini neno lenyewe likawa zito mdomoni. Nikamwambia, "Pumzika, baba. Tutazungumza kesho."

Asubuhi nilimkuta amekata roho.

Gia ya mteremko, wajukuu zangu, hutiwa kileleni.